Mimi na mume wangu tunataka kulala hemani Uskoti mwezi wa Novemba, tujipange aje na hiyo baridi?

wa_section58 (Nakuru)

Habari zenu wapendwa, naomba ushauri kwa wale wamewahi kulala nje kwa baridi ya ulaya, si hii yetu. Mume wangu ako Glasgow anasoma digrii ya pili tangu Januari, mimi sikuweza kumfuata maana tangu 2024 wanafunzi wa kozi kama yake hawaruhusiwi kwenda na familia, so niliomba viza ya kutembea tu na Mungu amesaidia nimepata, nitakaa siku kumi. Sasa yeye anasema badala ya kukaa kwa kachumba kake kwenye nyumba ya watu sita, tuchukue hema twende milimani usiku tatu, porini kabisa, si kwa kambi ya kulipia. Tulijuana tukipanda Menengai na kikundi cha kanisa so hii kitu iko na maana kwetu na sitaki kumkatalia. Lakini ni mwanzo wa Novemba na mimi ni mtu wa kusikia baridi, Julai hapa Naks nalala na soksi na blanketi mbili.

Nauliza, kwanza kulala hivyo ovyo ovyo ni halali ama tutafukuzwa na mbwa za watu? Pili nguo ninunue huku mitumba ama kule, niko na kama elfu kumi na tano ya hiyo kazi. Tatu kuna hatari gani yenye mtu wa huku hawezi kuifikiria? Nikimuuliza yeye ananiambia "tutazoea tu" na hapo ndipo naogopa zaidi.

kitale_milimani

Dada pole kwa huo umbali, miezi kumi si mchezo.

Mimi nimepeleka watu Mlima Elgon miaka kadhaa na nimeona wenye wanateseka usiku si wale wamekosa jaketi, ni wale wametandika vibaya. Baridi mbaya ni ya udongo. Unaweza nunua slipingi bagi ya bei kali lakini ukiilalia, ile upande wa chini inakandamizwa hewa yote inatoka, na hewa ndiyo inakushikia joto, so mgongo unabaki ni kama umelala kwa simiti. Kwa hivyo pesa yako ya kwanza iende kwa mkeka. Mikeka ya kazi hiyo huwa imeandikwa namba ya R, ndiyo kipimo cha vile inazuia baridi ya chini, kwa baridi hiyo tafuta 4 kwenda juu, na kama pesa haitoshi weka mkeka wa foamu wa kawaida chini halafu ule wa kujaza hewa juu yake, hizo namba zinajumlishwa. Slipingi bagi nayo iko na namba mbili au tatu za digrii kwa lebo. Wewe angalia ile ya komfoti peke yake. Ile ya mwisho kabisa yenye inavutia wauzaji ni ya kukwepa kifo tu, si ya kulala.

Halafu kuna kitu watu wa Nakuru wanadanganyika nacho. Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza na Uskoti, ni mita 1,345. Mji wa Nakuru wenyewe umekaa zaidi ya mita 1,800! So bwana yako akisema ni vilima tu, kwa urefu hajakosea, lakini Glasgow iko karibu digrii 56 kaskazini na hapo Novemba jua linazama kama saa kumi na nusu jioni na linatoka saa moja na dakika ishirini hivi asubuhi. Piga hesabu, ni karibu masaa 15 ya giza mko ndani ya hema. Sisi huku tumezoea 12 na tunalala kumi. Mtu analala saa moja kwa uchovu, saa saba usiku ameamka meno yanagongana na asubuhi bado iko mbali sana. Bebeni cha kutafuna hiyo saa, njugu, chokoleti, hata chapati zenye zimelewa mafuta, mwili ukipata kitu cha kuchoma unarudisha joto. Na mkojo ukikushika toka uende, usijibane eti nje ni baridi, utakaa macho mpaka asubuhi.

Kabla uende lala usiku mmoja Molo ama Timboroa na hizo vitu zako zote. Ukishindwa hapo, bora ujue ukiwa karibu na nyumbani.

nyar_dunga (Kisumu)

Nimeishi Uskoti miaka minne, nijibu hiyo ya sheria haraka. Ni halali. Sheria yao ya ardhi ya 2003 inampa mtu ruhusa kutembea na kulala kwa ardhi yenye haijazungushwa hata kama ina mwenyewe, bora muwe wachache, mkae mbali na nyumba za watu na barabara, msizidi usiku mbili tatu mahali pamoja na muondoke bila kuacha hata karatasi. Choo mnachimba mbali na maji, kama mita 30. Kando ya ziwa la Loch Lomond kuna sehemu zinatakiwa kibali lakini ni kuanzia Machi mpaka Septemba, Novemba haiwahusu. Msivuke tu mkadhani England ni vile vile, kule bila ruhusa ya mwenye shamba hulali, isipokuwa sehemu za nyika ya Dartmoor.

Sasa nikuambie yenye ilinipata mimi, na ni ya Aprili, si hata Novemba. Tulienda na mume wangu, mvua ikatupata tukitembea, si mvua kubwa, ni ile ya kunyunyiza na upepo siku nzima. Tukafika tumelowa, tukapiga hema pahali pazuri pa kuangaliwa, chini kando ya mto, kumbe baridi yote ya usiku inateremka inakaa hapo bondeni. Yeye alikuwa amevaa fulana ya pamba ndani, na pamba ikilowa inashika maji inakunyonya joto, na hakubadilisha, alijitupa tu kwa slipingi bagi. Nilimsikia akitetemeka nikasema atapata joto. Baadaye akanyamaza. Mimi nikafurahi! Nikadhani amelala. Nilipomuuliza kama anataka chai akanijibu kitu chenye hakihusiani kabisa, maneno yamelegea kama ya mlevi, na huyo mtu hajawahi onja pombe maisha yake. Hapo nilijua. Mtu akiacha kutetemeka na bado ni baridi, hajapona, mwili umeshindwa.

Nilimvua zote, nikamvalisha nguo kavu zangu, kofia, nikachemsha maji nikaweka kwa chupa nikaifunga na soksi nikamwekea kifuani, chai ya sukari nyingi pole pole kwa sababu alikuwa bado anaweza kumeza, nikaingia naye kwa bagi moja. Karibu saa nzima ndio akaanza tena kutetemeka na nikalia kwa furaha ya kuona mtu anatetemeka. Ningekuwa na akili ningepiga 999 mapema, unaitisha polisi halafu unasema ni waokoaji wa mlimani, ni watu wa kujitolea na hawalipishi. Hata SMS inafika hiyo namba lakini unajisajili kabla hujatoka nyumbani.

Kesho yake akaniambia alikuwa anasikia baridi tangu saa nane mchana na hakutaka kuniharibia safari. Mimi pia nilikuwa nasikia baridi na nilinyamaza kwa sababu hiyo hiyo. Dada, hiyo ndiyo hatari mnayobeba nyinyi wawili, mmekaa miezi kumi bila kuonana na kila mtu hatataka kuwa wa kwanza kusema turudi. Kubalianeni mkiwa bado Glasgow kwamba yeyote akisema nasikia baridi mnasimama hapo hapo, hakuna kuuliza ni kiasi gani, hakuna "tutazoea".

baba_wawili_kakamega

Kwani hoteli hakuna huko? Mke anatoka Kenya mpaka ulaya kulala kwa matope kweli, mimi singekubali.

nyar_dunga (Kisumu)

Shemeji kila nyumba na vile inapendana. Lakini umenikumbusha, milimani kule kuna vijumba vya mawe vya bure vinaitwa bothy, hakuna stima wala maji wala kitanda, ila kuna paa na kuta. Ukipanga njia yako ipite karibu na kimoja, usiku ukikataa mnaingia hapo.

gesi_na_majiko (Nakuru)

Niongeze ya jiko maana ndio biashara yangu. Gesi huwezi panda nayo ndege, kwa begi ya mkono ama ya chini, mnunue huko. Muulize kama imechanganywa na propeni, ile ya buteni tupu ikifika karibu sufuri inakataa kutoka, mnabaki na mtungi umejaa na hakuna moto. Usiku lala nao ndani ya bagi.

Na tafadhali msipike ndani ya hema mkiwa mmefunga. Huku kila Juni na Julai tunazika watu wamelala na jiko la makaa ndani ya nyumba, hema ni ndogo kuliko nyumba yoyote. Hata bila jiko acheni matundu ya hewa wazi, pumzi za watu wawili usiku mzima zinageuka maji zinawadondokea na vitu vyote vinalowa.

wa_section58 (Nakuru)

Asanteni sana, nimesoma hiyo ya nyar_dunga mara tatu na nikampigia simu nikamsomea yote. Alinyamaza kidogo halafu akaniambia wiki iliyopita alilala nje peke yake kujaribu na alitetemeka usiku mzima na hakuwa ameniambia. Tumekubaliana hiyo ya kusema. Tumekubaliana pia tutapanda treni ya kwenda Fort William na usiku wa kwanza tulale karibu na stesheni, tukishindwa asubuhi turudi na hakuna mtu atamlaumu mwenzake. Jumamosi naenda Molo kwa shangazi nilale nje kwa kiwanja chake. Nguo nimeanza kutafuta za sufu na flisi mitumba, nimepata sweta mbili za sufu na suruali ya ndani ndefu kwa mia saba na hamsini zote, mkeka atanunua yeye kule. Ile fulana yangu ya pamba ya Menengai nilikuwa nimeipakia, nimeitoa.

kitale_milimani

Hapo sawa. Usisahau soksi za kulala pekee, hizo usizivae ukitembea hata siku moja, zikae kwa karatasi ya nailoni mpaka uingie kwa bagi. Na hema ipigwe kabla ya saa kumi mkiwa bado mnaona, mlango uupe upepo mgongo.