Je, kutibu fizi kunaweza kuondoa baridi yabisi ya viungo?

Mwana wa Mtambwe

Assalaam alaykum. Bimkubwa wangu ana umri wa miaka 61 na anatibiwa baridi yabisi. Vidole vyake hufura na kukakamaa kila asubuhi mpaka jua lipande. Daktari amemwandikia methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili inayoshambulia viungo, pamoja na vitamini iitwayo asidi ya foliki. Kwa muda sasa fizi zake zinatoka damu kila anapopiga msuwaki, na magego mawili ya chini yanatikisika. Mama mdogo, anayeishi Uingereza, anasema utafiti umethibitisha kwamba chanzo cha maradhi haya kimo mdomoni, hivyo bimkubwa akisafishwa fizi ataweza kuacha vidonge. Mjomba hataki aguswe jino hata moja maadamu anameza dawa hizo, kwa sababu jirani yetu alilazwa akiwa mahututi siku chache baada ya kung'olewa jino. Naomba mwenye kuzijua tafiti zenyewe anieleze zinasema nini.

Tabibu wa Meno, Chake

Waalaykum salaam. Mama yako mdogo ameshika jambo la kweli, ila amelivuta kupita pale lilipofikia. Katika fizi zenye maradhi huishi bakteria aitwaye Porphyromonas gingivalis, ambaye hutoa kimeng'enya chenye uwezo wa kugeuza ajinini, kijenzi kimoja kilichomo ndani ya protini, ikawa kijenzi chengine kiitwacho sitrulini, na protini zilizogeuzwa namna hiyo ndizo zinazoshambuliwa na kingamwili ambazo hupimwa katika damu ya mtu anayeshukiwa kuwa na baridi yabisi. Mwaka 2016 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walionesha kwamba bakteria mwengine wa fizi, Aggregatibacter actinomycetemcomitans, huleta mageuzi ya aina hiyo kwa kutumia sumu inayotoboa seli nyeupe za damu. Mwaka 2023 utafiti mwengine wa Marekani, uliochukua damu ya wagonjwa wachache kila wiki, ulikuta bakteria wa mdomoni wakiingia mara kwa mara kwenye damu ya wale waliokuwa na baridi yabisi pamoja na maradhi ya fizi. Huo ni uhusiano wa kuaminika. Kutoka hapo hadi kusema kwamba kusafisha fizi kunaponya viungo, safari bado ni ndefu.

Kuhusu mjomba, namuelewa, lakini jino linalotikisika lenye usaha chini yake ni hatari kubwa zaidi kwa mtu ambaye kinga yake imepunguzwa kwa dawa. Kwa kawaida methotreksati peke yake haizuii kung'oa jino. Nendeni na kadi ya dawa na majibu ya karibuni ya vipimo vya damu, na muwaache daktari wa viungo na wa meno wazungumze kabla ya siku ya kung'oa. Jambo linalonitia hofu zaidi ni dawa zinazonunuliwa dukani. Jino likiuma watu hukimbilia Septrin, na dawa hiyo ikikutana na methotreksati inaweza kudhoofisha uboho hadi mwili ukashindwa kutengeneza chembe za damu. Nakuomba sana umuelezee hili kila mtu wa nyumba anayemnunulia bimkubwa dawa. Diklofenaki, dawa ya maumivu, nayo asimeze bila daktari wake kujua, kwa sababu ya figo. Tena hakikisheni methotreksati anaimeza mara moja kwa wiki, katika siku moja iliyopangwa. Kuimeza kila siku kumeshaua watu.

Mwisho, mtazameni anavyoushika msuwaki. Mtu ambaye vidole vyake havikunji hawezi kuubana mpini mwembamba, basi husugua meno ya mbele tu, na fizi za nyuma huachwa. Uzungushieni mpini kitambaa hadi uwe mnene kama mchi mdogo wa kutwangia thomu, kisha ufungeni kwa mpira. Mtaona mkono unafika kwenye magego.

Msomaji wa Tafiti, Unguja

Naongezea upande wa majaribio, maana hapo ndipo mama mdogo alipopotezwa. Jaribio la Ufaransa lililochapishwa mwaka 2019 liliwagawa kwa kura wagonjwa 22 wa baridi yabisi wenye maradhi ya fizi, baadhi wakatibiwa fizi mara moja na wengine wakasubiri. Hali ya viungo haikuonesha tofauti ya maana baina ya makundi hayo mawili. Watu 22 ni wachache mno kufunga mjadala, na yapo majaribio mengine madogo yaliyoona nafuu kidogo, lakini hakuna hata moja linalomruhusu mtu kuacha dawa. Baridi yabisi isiyodhibitiwa hula gegedu na mfupa, na kiungo kilichokwisha kuharibika hakirudi kilivyokuwa. Ikumbukwe pia kwamba sigara huchochea maradhi ya fizi na baridi yabisi kwa pamoja, kwa hiyo sehemu ya uhusiano unaoonekana huenda inatokana nayo. Tambuu yenye tumbaku nayo inaziumiza fizi, kama bimkubwa anaitumia.

Muuguzi wa Wodi

Kwa kuwa mgonjwa mahututi ametajwa, nataka kusema neno, kwani hapo ndipo ushahidi wa usafi wa kinywa ulipo imara zaidi. Uchambuzi wa majaribio 15 uliochapishwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2023 ulikuta kwamba wagonjwa waliopigwa msuwaki hospitalini walipata nimonia pungufu kwa takriban theluthi moja, na vifo katika vitengo vya wagonjwa mahututi vilipungua kwa karibu moja ya tano. Faida ilionekana zaidi kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia. Dawa ya kusukutua ya kloheksidini, ambayo kwa miaka mingi tulifundishwa kuitegemea, haikuonekana kuokoa maisha, na baadhi ya chambuzi zilitia shaka kwamba huenda ikaongeza vifo. Vitengo 6 vya wagonjwa mahututi vya Toronto, Kanada, viliiacha na kuimarisha usafi wa kinywa kwa njia nyengine, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 hayakuonesha vifo kubadilika.

Na hili linatuhusu hasa sisi. Utafiti wa hospitali 180 katika nchi 22 za Afrika, uliochapishwa mwaka 2025, ulikuta kwamba mgonjwa mmoja kati ya kila wanane waliolazwa yumo katika hali mahututi, na wengi wao wamo katika wodi za kawaida. Katika wodi kama hizo anayekaa na mgonjwa usiku kucha ni mtoto wake au dada yake, kwa hiyo msuwaki uwemo katika mfuko wa hospitali pamoja na kanga na chupa ya chai.

Mwana wa Mtambwe

Nawashukuru nyote. Kumbe Septrin imo kabatini mwetu, na nimeshaitoa. Muuguzi, akilazwa na hawezi kusukutua, nimpige msuwaki vipi bila ya kumpalia?

Muuguzi wa Wodi

Kwanza muulize muuguzi wa zamu kama anaweza kumeza salama. Akiruhusu, muinue kichwa na kifua na umgeuze uso upande mmoja. Akiwa na meno ya bandia, yatoe uyasafishe pembeni. Tumia msuwaki mdogo laini, uliochovywa majini na kukung'utwa, na dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele. Sugua kidogo kidogo pale ufizi unapokutana na jino, na ufute mate kwa kitambaa safi kila baada ya meno machache. Fanya hivyo asubuhi na usiku. Akianza kukohoa, acha na umwite muuguzi. Mwenye mpira wa kupumulia kooni usimguse wewe. Huyo huhitaji mashine ya kunyonya mate, na ni kazi yetu.

Tabibu wa Meno, Chake

Damu kidogo kwenye fizi katika siku za mwanzo isiwafanye muache kupiga msuwaki. Ikiwa damu haikatiki, au vidonda vimetokea mdomoni, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu vidonda vya mdomo vinaweza kuwa dalili kwamba methotreksati imezidi mwilini.