Naomba ushauri: Korea Kaskazini inatukwamisha kwenye mdahalo

Jambo wandugu. Tunaandaa wanafunzi hapa Lubumbashi watetee mazungumzo badala ya mabomu katika migogoro ya nyuklia. (Wenye mgodi wa urani wa Shinkolobwe jirani hatuwezi kuikwepa mada hii.)

Hoja kuu ni mkataba wa nyuklia wa Iran wa 2015: urani isirutubishwe (isikolezwe kuelekea kiwango cha bomu) kupita asilimia 3.67, akiba isizidi kilo 300, wakaguzi waingie. Marekani ilijitoa 2018. Kufikia 2021 Iran ilikuwa ikirutubisha hadi asilimia 60. Tunaongeza Osirak: Israeli ilikipiga kinu hicho cha nyuklia cha Iraki 1981, kazi ikahamia mafichoni.

Tatizo ni Korea Kaskazini. Mapatano yake na Marekani ya 1994 yalisimamisha kinu cha Yongbyon, yakavunjika 2002, na 2006 ikajaribu bomu. Tumejibu kwamba utengenezaji wa plutoniamu ya mabomu kinuni humo ulisimama miaka minane. Wapinzani wanarudi na urani iliyorutubishwa kwa siri, na kusema kweli hapo wana nguvu.

Je, tuitaje Korea wenyewe mapema, au tungoje washambulie? Na Afrika Kusini, iliyobomoa mabomu yake sita, inafaa kama mfano wa diplomasia, au waamuzi watasema ilikuwa siasa ya ndani tu?