Kusikiliza maisha ya wazee tusiowajua: tuanzie wapi?

Mwanadarsa_Wete

Assalaam alaykum. Darsa yetu ya Jumamosi ina vijana 12, wanaume na wanawake. Imetoka rai kwamba kila baada ya wiki mbili tukamsikilize mtu mzima mmoja wa shehia nyengine (eneo linaloongozwa na sheha), asiye jamaa wa yeyote kati yetu, atusimulie maisha yake, kisha tukae tuyazingatie. Hatuna nia ya kuandika historia ya Pemba. Tunataka kuona watu walivyoishi na dini yao siku hadi siku, na tujuane. Mtu wa Wete anaweza kuzeeka hajawahi kukaa barazani Kojani.

Simu mbili nzuri tunazo, na nauli. Kinachotutatiza: tunaingiaje kwa mtu asiyetujua? Tuulize nini? Akifika kwenye mambo ya Mapinduzi ya 1964, au akianza kusema watu, tufanyeje? Na tukirudi darsani tuzungumze vipi isije ikawa porojo?

Ukili_na_Kawa

Waalaykum salaam. Anzeni kwa kupunguza idadi. Watu 12 mlangoni mwa mzee ni maziko, si ziara. Waende watatu: wa kuuliza, wa kushika simu, na mwenyeji wa pale anayeaminiwa na mzee mwenyewe. Waliobaki watasikia rikodi darsani.

Mwenyeji ndiye kila kitu. Sheha mpeni khabari, ni adabu na itakuepusheni na masuali ya baadaye, lakini asikae chumbani wakati wa mazungumzo. Penye kiongozi mtu husema kama yuko kwenye shauri: majina matatu, tarehe, na maisha yenyewe hayaonekani. Bora muadhini, au mkunga wa zamani, au mwanamke anayesuka ukili pamoja na bibi mnayemwendea.

Ziara ziwe mbili. Ya kwanza nusu saa, bila simu. Hodi mara tatu, mkikosa jibu rudini. Shikamoo, halafu jitambulisheni kwa wazee wenu kwanza, darsa ije nyuma ("mjukuu wa fulani wa Mtambwe" hufungua mlango ambao jina la jumuiya haliufungui). Mwambieni wazi mnataka nini na nani atasikia. Msimtake ajibu hapo hapo, huenda akataka kushauriana na wanawe. Ya pili ndiyo ya kusimulia, siku nne tano mbele. Kilo mbili za sukari na majani ya chai zinatosha. Bahasha ya pesa kabla ya mazungumzo huharibu: mtu akishaona amelipwa atakupeni anachodhani mnataka kusikia.

Saa nzuri ni baada ya alasiri, kumi na nusu hadi kumi na moja na nusu, ili magharibi isikukuteni mko kwake. Msimu wa karafuu acheni kabisa. Hata asiye na mkarafuu wake yumo kwenye kuchambua na kuanika, na wingu likitanda atainuka katikati ya maneno kwenda kuanua majamvi. Kama mnamwendea mwanamke, jirani aulizwe kwanza kama yumo edani. Eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi. Muda huo wanaume msiende, na wasichana wakienda iwe ni kumpa pole tu, simu zibaki nyumbani.

Sauti_Safi

Upande wa simu. Itieni kwenye hali ya ndege na mzime programu ya adhana. Ikilia ya simu na ya msikiti bado, mzee ataacha kisa na kuanza kubishana na saa.

Rikodini kwa muundo wa WAV (sauti isiyobanwa), mono, 44.1 kHz, biti 16. Saa moja hula kama MB 320. Nafasi ikiwa ndogo, MP3 ya kbps 128 ni kama MB 58 kwa saa na sauti ya mtu inasikika vizuri. Msirikodi kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Sauti hubanwa mno, na kisa kinakuwa kimeshakaa pahala ambapo kidole kimoja kinakisambaza.

Simu iwe sentimita 30 hadi 40 kutoka mdomoni, upande wa maikrofoni umuelekee msemaji, juu ya kanga iliyokunjwa. Mkiiweka juu ya meza tupu mtasikia kila kikombe kinachowekwa. Baraza ni pazuri kwa mazungumzo, kwa rikodi hapafai: upepo wa kusi unaingia moja kwa moja na kila apitaye husalimu. Kaeni ukumbini karibu na mlango. Paa la mabati na mvua ikaanza, simamisheni, hapana dawa. Jaribuni dakika moja, sikilizeni kwa vipokea sauti, ndipo muanze.

Maneno ya mwanzo yawe tarehe, shehia, waliopo, na mzee mwenyewe aseme amekubali nani asikie: darsa tu, darsa na familia yake, au yeyote. Hii ni bora kuliko karatasi ya kutia saini, ambayo kwetu humtisha mtu. Muda usipite dakika 75. Nakala mbili usiku uleule, ya pili kwenye flashi inayokaa kwa mtu mwengine.

Maalim_wa_Chuo

Rai yenu ina asili. Suratu Yusuf aya ya 111 inasema katika visa vyao mna mazingatio kwa wenye akili, na Suratul Hujurat aya ya 13 inataja kuumbwa mataifa na makabila ili mjuane. Lakini sura hiyohiyo ina aya ya 6 ya kuhakikisha khabari na aya ya 12 ya kukataza kusengenya. Zote tatu mtazihitaji.

Msiulize "imani yako ilikusaidia vipi?" Mtapewa khutba, tena nzuri, na mtarudi hamumjui. Ulizeni vitu na vitendo. Nani alimfundisha alifu? Ubao wake wa chuoni uliandikwa kwa wino wa nini, na maji ya kuuosha yalimwagwa wapi? Funga yake ya kwanza alimaliza au alikunywa maji kwa siri? Nani alimuosha mama yake? Uradi (dhikri na dua) anaousoma kila siku aliupokea kwa nani?

Mvuvi muulizeni alivyosali chomboni: alikaa au alisimama, alitawadha maji ya bahari au aliyochukua, kibla alikijua kwa nini. Kwetu Pemba Makka iko karibu kaskazini sawasawa, lakini nyota ya kaskazini yenyewe haionekani kwa kuwa tuko kusini ya ikweta. Basi kila nahodha ana alama zake. Hapo mtapata elimu ya mtu ambaye huenda hakusoma kitabu, na mtaona sala ilikuwa ni kazi ya mikono na macho.

Akinyamaza, msijaze. Hesabuni moyoni mpaka kumi. Mara nyingi linalokuja baada ya kimya ndilo alilokuwa akilitafuta. Akianza kumsema mtu kwa jina, msimsomee hadithi ya ghiba, mtamvunjia heshima nyumbani kwake. Muulizeni, "na wewe ulifanya nini?" Mazungumzo yatarudi kwake, na jina hilo litakatwa kabla darsa haijasikia.

Darsani msicheze rikodi nzima. Dakika kumi zinatosha. Mzunguko wa kwanza kila mmoja aseme jambo moja alilolisikia, kwa maneno ya mzee, bila kuyafafanua. Wa pili kila mmoja aseme suali ambalo angependa kumuuliza. Ibra ije mwisho, na isipokuja wiki hiyo hapana neno. Anayekimbilia mafunzo dakika ya kwanza hamsikilizi mtu, anatafuta mfano wa darsa yake. Kisha muombeeni dua kwa jina, yeye na wazee wake.

Kaskazi_Kusi

Nashikilia hapo pa kuhakikisha. Kila jambo lipewe alama moja kati ya tatu: ameliona, ameambiwa na nani, au "yasemwayo". Ndoto na karama ziandikwe kama alivyosema, msizithibitishe wala msizikanushe, si kazi yenu.

Miaka msiulize kwa namba. Ulizeni kwa matukio: ilikuwa bado zama za Sayyid Khalifa (alifariki 1960)? Kabla ya uhuru wa Disemba 10, 1963, au baada? Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yalitangulia Ramadhani kwa siku chache tu, kwa hiyo mtu anayekumbuka alikuwa na umri gani alipofunga mwaka ule amekupeni umri wake bila kujua. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka na kuzunguka misimu yote kwa kiasi cha miaka 33. "Tulifunga mvua ya masika inanyesha" inapunguza sana miaka ya kukisia. Na mtu akihesabu umri kwa mwaka wa Kiislamu, miaka 70 yake ni kama 68 ya miladi.

Safari za majahazi zipimeni kwa pepo. Kaskazi, Disemba hadi Machi, huleta vyombo kutoka Arabuni. Kusi ndiyo huvirudisha. Akisema walitweka kwenda Maskati mwezi wa Januari, pengine amechanganya kwenda na kurudi. Msimsahihishe, muulizeni upepo ulikuwa ukitoka wapi. Wajukuu ndio husahihisha, tena kwa kelele, na mzee hufunga mdomo. Wapeni wajukuu kazi ya chai.

Ukili_na_Kawa

Kuhusu 1964: msiulizie. Kaskazi_Kusi ameitaja kama alama ya umri, sawa, lakini iishie hapo. Akifika mwenyewe, simamisheni rikodi kwa mkono anaouona, mumuulize kama angependa kuendelea simu ikiwa imezimwa. Nyumba moja ilikuwa na watu wa pande mbili, na watoto wao bado wanaoana. Yatakayosemwa hapo hayaendi darsani hata kwa muhtasari.

Nahitilafiana na Maalim kwenye dakika kumi, kidogo. Kwa mzee wa kwanza sikilizeni nusu saa, ili muizoee lahaja. Wa Wete akisikia Kikojani mara ya kwanza hupoteza nusu ya maneno, na dakika kumi zitaishia kwenye kuulizana "kasema nini?"

Mwanadarsa_Wete

Ahsanteni sana, Mwenyezi Mungu akulipeni. Limebaki moja: baada ya wiki mzee akituma mtu kwamba tufute?

Sauti_Safi

Futeni, bila kumuuliza sababu, na mrudi kwake mfute mbele ya macho yake. Simu nyingi huweka kilichofutwa kwenye folda ya taka kwa siku 30, hivyo ingieni humo pia. Halafu flashi. Halafu mumuulize aliyeshika simu ya pili, maana yake ndiyo husahauliwa.