Ati wanaotumia dawa tunyooshe mikono! Mheshimiwa huyu sasa amevuka mpaka

Mwana Konga (mleta uzi):
Wakuu, salaam. Ninaandika nikiwa bado nimevaa koti nililoendea kikaoni, kwa kuwa nikilivua hasira itapoa, nami sitaki ipoe. Nyote wa huku Nyanda za Juu Kusini mnamjua ninayemsema, kwa hiyo sina haja ya kumtaja. Ni yule ambaye kicheko chake hufika ukumbini kabla ya gari lake, na ambaye hajapata kukosa kikao chenye chai.

Leo yalikuwa yanapitiwa makadirio ya bajeti ya halmashauri, na konga yetu, yaani mtandao wetu wa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ikaalikwa kueleza shida zake. Tangu Marekani isitishe misaada yake Januari 2025, waelimishaji rika waliokuwa wakipita majumbani kuwatafuta walioacha dawa wamebaki wawili kati ya sita, na hao wawili wanatembea kwa miguu yao na kwa huruma yao. Tuliomba kitu kidogo kutoka mapato ya ndani: mafuta ya pikipiki moja na nauli za watu wanne. Ombi lilikuwa ukurasa mmoja. Nikalisoma, nikakaa.

Ndipo mheshimiwa, sambusa mkononi, akauliza tuko wangapi. Mratibu akamjibu kwa adabu kwamba takwimu zimo kwenye kabrasha lililo mbele yake. Ni kweli lilikuwa mbele yake, maana ndilo alilowekea sahani. Akasema: "Mimi siamini makaratasi. Wanaotumia dawa humu ndani wanyooshe mikono tuwahesabu, tujue fedha tunampa nani."

Wanyooshe mikono! Ukumbi ulikuwa na watu kama hamsini, wakiwemo watendaji wa kata, mama aliyeleta chai, na kijana wa vipaza sauti ambaye ni mpangaji wa shangazi yangu. Sambusa ikabaki hewani ikingoja hesabu. Ukimya ule ulikuwa mrefu kiasi kwamba viazi vilivyopandwa nyuma ya ukumbi vilichipua, vikachanua, vikavunwa na kupelekwa sokoni Dar es Salaam. Kando yangu alikaa dada mmoja aliyekuja kwa niaba ya kikundi cha kuweka na kukopa, si kwa niaba yetu, nami nikamwona akikunja ncha ya khanga yake, akaikunja tena na tena, mpaka ikaenea kwenye kiganja.

Mimi ninajulikana. Nilianza dawa zamani zile mtu alipokuwa anasubiri kinga ishuke kwanza ndipo aandikishwe. Nikanyoosha mkono. Akanitazama, akasema, "Mmoja," kisha akaing'ata ile sambusa.

Mmoja, wakuu! Nimekuwa sensa.

Kaa la Moto:
Pole sana, ndugu yangu. Sheria ya UKIMWI (Kuzuia na Kudhibiti) ya mwaka 2008 imeweka wazi kwamba hali ya mtu ni siri yake na haitangazwi pasipo ridhaa yake, na unyanyapaa ni kosa. Ajabu ni kwamba anayepitisha bajeti ya UKIMWI ndiye asiyejua kwamba sheria hiyo ipo. Angeanza yeye kunyoosha mkono atuambie alipima lini mara ya mwisho.

Mzee wa Ulanzi:
Mleta uzi, nimesoma habari yako kwa makini nikaona sambusa imetajwa kuliko pikipiki. Tuambie ukweli, sahani ilikufikia au iliishia meza kuu?

Mwana Konga:
Haikunifikia, mzee wangu, lakini hilo silo ninalolalamikia. Ninalalamikia kuambiwa ninyooshe mkono kama mtoto wa darasa la kwanza anayeomba kwenda chooni.

Mzee wa Ulanzi:
Nilijua tu kwamba haikukufikia.

Fulana Tisa:
Ninyi mnalia kwa kuhesabiwa, wenzenu hata kikaoni hatuitwi. Kwetu fungu la UKIMWI linaitwa suala mtambuka, na kwa kweli linatambuka, kwa maana linavuka mwaka mzima bila kumgusa mgonjwa hadi tarehe 1 Desemba, siku ambayo yanakodiwa maturubai, ngoma inaletwa, maji ya chupa yanagawiwa na kila mmoja anapewa fulana. Ninazo fulana tisa. Nauli ya kwenda kliniki sina, ila nikizishona pamoja ninaweza kufungua biashara ya kukodisha maturubai.

Binti Kifagio:
Afadhali fulana inavaliwa. Mimi nilitolewa damu ya kupima wingi wa virusi, nikakaa miezi minne nikiulizia, mwisho nikaambiwa sampuli iliharibika njiani kwa kuwa gari lilikosa mafuta, kwa hiyo nikunje tena mkono wa gauni. Mleta uzi, mkono wako umenyooshwa mara moja. Wangu umechomwa mara mbili.

Mwana Konga:
Dada yangu, pole. Lakini mafuta ndiyo hasa tuliyoomba, na jibu tulilopata ni "Mmoja."

Mtumishi Mchovu:
Mimi niko upande wa pili wa dirisha, na ninaomba mtusikilize na sisi. Dawa zipo, kwa kuwa sehemu kubwa hununuliwa kwa fedha za Mfuko wa Dunia wa Kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria. Asiyekuwepo ni mtu wa kuzigawa. Mikataba ya waingiza takwimu ilipokatishwa, kazi yao iliangukia mezani kwangu, kwa hiyo asubuhi ninatafuta mafaili, ninapima uzito, ninatoa ushauri nasaha, ninahesabu vidonge, na jioni ninajaza kwenye kompyuta yale niliyoyafanya, huku wagonjwa wa nje wakinigongea mlango kwa sababu huduma zimeunganishwa. Juzi nimejiita mwenyewe kwenye foleni.

Mchumi wa Kijiweni:
Tatizo lenu ni kumtegemea mheshimiwa. Mfuko wa UKIMWI wa taifa upo kisheria tangu 2015, na Waziri wa Fedha aliposoma bajeti ya 2025/26 alipendekeza tozo mpya, ikiwemo shilingi 10 kwa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa, pamoja na nyongeza kwenye vilevi, ili asilimia 70 iende kwenye mfuko huo na 30 kwenye bima ya afya kwa wote. Kwa hiyo mimi nikifungua bia ninakuwa mfadhili, nami ninaomba niheshimiwe kama wafadhili wengine wanavyoheshimiwa.

Mzee wa Ulanzi:
Je, sisi wa ulanzi, ambao kinywaji chetu kinatoka kwenye mwanzi bila risiti, hatuna mchango wowote? Huu ni unyanyapaa.

Kaa la Moto:
Mchumi, tozo inakusanywa juu. Swali ni itashuka vipi mpaka kwenye tangi la pikipiki ya huku. Mkoa wa Njombe pekee, utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulikuta maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, ilhali wastani wa nchi ni 4.4. Mtu anayeishi ukanda huu akahesabu hadi moja akaridhika, huyo hesabu hazijui.

Mchumi wa Kijiweni:
Nasubiri heshima yangu. Nimefungua ya tatu.

Fulana Tisa:
Mfadhili, ukifika ya tano utanisaidia nauli?

Mwana Konga:
Wakuu, ninaomba turudi kwenye mkono wangu. Alisema "Mmoja" mbele ya watu hamsini, na yule dada ameniandikia jioni hii kwamba mwezi ujao atachukulia dawa mkoa mwingine.

Mzee wa Ulanzi:
Hapo umenigusa, mleta uzi. Lakini nijibu kwanza, ilikuwa ya nyama au ya dengu?

Binti Kifagio:
Samahani kwa kuingilia. Mtumishi Mchovu, kesho kliniki inafunguliwa saa ngapi? Ninakuja kurudia kile kipimo.

Mtumishi Mchovu:
Saa mbili nitakuwepo. Njoo na kadi yako, na ukiweza njoo na kalamu, ya hapa imeisha wino.