Tupeane uzoefu: uliamuaje kuzaa au kutozaa na hali hii ya hewa tunayoiona?

Mwanzisha uzi

Habari zenu wadau. Nina miaka 32, nimeolewa huu mwaka wa nne, sina mtoto, na sio kwamba tunatafuta tumekosa, nina kijiti cha uzazi wa mpango mkononi, niliamua mwenyewe kuwekewa na mume wangu anajua. Kila sikukuu tukienda ukweni maneno ni yale yale, mama mkwe ananishika tumbo mbele za watu anauliza huku vipi, nami najibu Mungu akijaalia. Ukweli sijawahi kumwambia mtu nje ya nyumba yangu. Naogopa. Sio ada za shule wala mwili kubadilika. Naogopa maji.

Nimekulia Jangwani, kule bondeni karibu kabisa na mto Msimbazi. Desemba 2011 ile mvua iliyopiga Dar, wazee walisema haijanyesha vile tangu miaka ya 50, sisi maji yalituingilia usiku wa manane tumelala. Mdogo wetu wa mwisho alikua na miezi minne. Mama akachukua beseni la bluu la kufulia akatandika kanga mbili akamlaza humo, mimi na kaka tukalishika huku na huku tukatoka nalo mlangoni, maji yananifika kifuani, kaka kashika simu ya tochi kwa meno. Mtoto hata hakulia jamani. Alikua anaangalia ule mwanga tu. Mpaka leo nikifumba macho naona yale macho.

Watu zaidi ya 40 walikufa mji mzima. Sisi tulipona, tukapewa kiwanja Mabwepande tukaanza na hema, na huyo mtoto wa beseni sasa hivi yuko sekondari ana kelele nyumba nzima. Lakini toka siku ile masika ikianza mimi silali vizuri. Alafu ikaja ule mgao wa maji wa 2022 mto Ruvu ulipopungua tukawa tunagombania madumu, 2023 maporomoko ya Hanang, 2024 mafuriko ya Rufiji na kimbunga Hidaya ndani ya mwezi mmoja. Napiga hesabu, nikizaa mwakani huyo mtoto mwaka 2050 atakua kijana mbichi anaanza maisha, je atakuta nini?

Naomba tusibishane habari za siasa. Kila mtu aeleze yeye yalimkuta yapi na aliamuaje.

Mdau 1

Dada pole kwa yaliyokukuta ila hayo mawazo ni ya wenzetu wa Ulaya. Mama yangu alinizaa miaka ile ya njaa watu wanakula unga wa yanga, ule wa njano, na tukakua sote sita. Angesubiri mvua zikae sawa nisingekuwepo hapa kuandika. Mtoto anakuja na riziki yake, zaa.

Mdau wa Rufiji

Mimi nipo Muhoro. Namheshimu mdau hapo juu ila naomba nielezee mafuriko maana watu wanayazungumza tu.

Sisi Warufiji mafuriko sio adui yetu, watu wa nje hawajui hili. Mababu waliishi nayo, maji yakijaa bondeni watu wanapanda kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti, maji yakishuka yanaacha udongo mzuri unapanda mahindi ya mlau bila mbolea. Mzee alikua anajua maji yatakuja lini na yatafika wapi. Sasa tatizo sio maji kuja, tatizo hatujui tena yanakuja lini na mangapi. Aprili 2024 yalipita pale ambapo babu yangu alizikwa, pale hayajawahi kufika.

Mke wangu alikua na mimba ya miezi nane. Tulimpandisha kwenye mtumbwi saa moja asubuhi, njia nzima tunapita juu ya shamba langu mwenyewe naona ncha za migomba tu, yeye kashika tumbo anasoma dua na mimi nashindwa hata kumwangalia usoni. Akajifungulia kwa watu huko juu tulikokimbilia. Mtoto mzima, anatembea sasa.

Kuhusu kuamua, hatukuamua yule, alikuja. Ila baada ya pale tulikaa tukaongea, wana wawili hawa wanatosha, na nyumba nimeijenga upande wa juu hata kama shamba liko mbali naamka saa kumi. Hiyo ndo njia tuliyoona sisi. Sio kwamba hatupendi watoto, tunataka idadi ambayo mtumbwi mmoja unabeba.

Mwanzisha uzi

Kaka hiyo sentensi ya mwisho nimeisoma mara tatu. Asante.

Mdau wa Longido

Mimi ni mama wa kimasai, andika yangu mtanisamehe. Kwetu mtoto na ng'ombe ni kitu kimoja, unamwambia mtu nina ng'ombe na watoto ndo salamu. Baba yangu alikua na wake watatu na watoto sijui 20 na kitu, na hakuna aliyelala njaa maana maziwa yalikuwepo.

Ule ukame wa 2021 kuingia 2022 ndo nilibadilika akili. Asubuhi tunaamka kazi ya kwanza sio kukamua ni kunyanyua. Ng'ombe amelala usiku hawezi kusimama, mnaingiza mti chini ya tumbo watu wawili huku wawili huku mnainua, mwingine anasimama, mwingine anakuangalia tu anarudi chini. Tulikua na 60 na kitu tukabaki na 7. Mume akaenda Zanzibar kufanya ulinzi na kuuza shanga, anatuma hela kwenye simu. Hata alalili, yale majani tunayotunza ya ndama, yaliisha mwezi wa kumi na moja.

Nina wawili. Mama mkwe anataka wa tatu na wa nne, anasema boma linakua kimya. Nikaenda kliniki kimya kimya nikachoma sindano ya uzazi wa mpango, baadae nikamwambia mume kwenye simu nikiwa natetemeka. Akanyamaza sana. Alafu akasema, hao wawili wasome wote hata yule wa kike. Basi. Hivyo ndo tuliamua kwa dakika kumi na vocha ikaisha.

Mdau wa Paje

Assalam aleykum. Mie ni mtu mzima hapa Paje, Zanzibar, nishazaa nishamaliza, watoto sita, nawasomesha kwa mwani. Miaka ile ya 90 mwani ukilipa nyie, wanawake wa huku tulijenga nyumba tukatia bati, hakuna mwanamme wa kutwambia kitu. Sasa ule mwani mnene, cottonii, ule wenye bei, bahari imekua moto unaota weupe weupe unakatika unakufa. Wataalamu wametwambia tuusogeze maji makubwa ndo kuna baridi, wanawake wengi wa huku hatujui kuogelea tutausogezaje? Tumebaki na ule mwembamba wa bei chini.

Mwanangu wa kike ana miaka 27 kanambia mama mie sizai mpaka nione. Nikamuuliza uone nini, akanambia nione hii bahari inakwenda wapi. Nililia usiku ule wallahi, niliona kama kanambia maisha yangu mie hayakua na maana. Nilikaa nae mbali wiki nzima. Baadae nikafikiri, mie nilizaa sita kwa sababu niliiamini bahari. Yeye ataiamini nini? Sasa simsemi. Watu wakimsema najibu mie.

Mdau 1

Mama shkamoo. Hapo kwenye nini cha kuamini umenigusa. Mimi labda nimesema haraka, sisi nyumbani tulikua na shamba Mbozi mvua haijawahi kutuangusha kabisa, nadhani naongea kutoka huko.

Mdau mkunga

Naomba niongee kama mtu aliyeko wodi ya wazazi kanda ya ziwa mwaka wa 11 huu. Hakuna mwanamke hata mmoja aliwahi kuja kwangu akasema nesi nipe kijiti kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi. Hilo neno ni la kwenye semina. Wanakuja wanasema nesi mwaka huu hatujavuna, nisogeze mbele. Nesi ziwa limepanda limechukua nyumba tunaishi kwa shemeji, nisogeze mbele. Ukihesabu ni jambo lile lile, ila wao wanaamua msimu kwa msimu, hawakai chini kuamua maisha yote kwa siku moja kama sisi tunavyotaka kufanya hapa.

Na mnajua idadi inashuka tayari, mwanzoni mwa miaka ya 90 mwanamke wa Tanzania alikua anazaa wastani wa zaidi ya watoto 6, utafiti wa 2022 umeonyesha 4.8. Shule na mjini vimechangia sana, sio hali ya hewa peke yake.

Ila mwanzisha uzi nikwambie jambo la kitabibu kidogo. Joto lenyewe ni tatizo kwa mjamzito, linaongeza hatari ya mtoto kuja kabla ya siku. Wodi yetu ni bati bila dari, mwezi wa pili saa nane mchana mama yuko kwenye uchungu anatoka jasho mpaka shuka linalowa, sisi tunampepea kwa boksi la glovu. Kwa hiyo ukiamua kuzaa panga mambo haya: maji ya kunywa ya kutosha, chandarua, kliniki mapema, kituo ambacho njia yake haikatiki mvua ikinyesha. Hilo la njia watu hawalifikirii kabisa na linaua.

Mdau wa Uingereza

Nipo huku nafanya kazi nyumba ya kutunza wazee. Julai 2022 joto lilipita nyuzi 40 kwa mara ya kwanza nchi hii, sisi tunapita chumba kwa chumba na barafu kwenye taulo. Kuna mwenzangu wa zamu ana miaka 29 amegoma kabisa kuzaa kwa sababu ya hali ya hewa, na hayuko peke yake, 2019 kulikua na kundi kabisa huku likiitwa BirthStrike. Na utafiti mmoja wa 2021 uliuliza vijana elfu 10 kwenye nchi 10, wanne kati ya kumi walisema wanasita kuzaa sababu ya hili jambo. Afrika ilikuwemo Nigeria peke yake.

Ila sikilizeni tofauti. Mwenzangu hofu yake kubwa ni kwamba mtoto wake ataichafua dunia. Mmarekani mmoja kwa mwaka anatoa tani kama 14 za hewa ya ukaa, Mtanzania hafikishi hata nusu tani. Nikimsoma dada Jangwani, dada Longido, hofu yenu sio mtoto ataifanya nini dunia, ni dunia itamfanya nini mtoto. Na hapo mimi inaniuma, kwa sababu aliyechafua ana uchaguzi na anayeumia anashikwa tumbo ukweni.

Mimi nina mmoja. Wa pili tunaogopa kwa sababu za hela tu niseme kweli.

Mdau wa Ganze

Hamjambo, mimi niko Kilifi upande wa Ganze, Kenya. Huku mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020. Mimi sikuzaa, nilichukua watoto wa dada yangu wawili, yeye alikua amelemewa kabisa, mwingine alikua anaenda shule kwa sababu ya githeri ya pale tu, yale mahindi na maharage. Watu wanasema sio wako. Wananiita mama, wanavaa sweta nilizonunua. Sikuwa na shida ya mtoto, nilikua na shida ya kuongeza mdomo mwingine mahali midomo tayari imekauka.

Mdau 7

Samahani kama nitaharibu mada. Mimi natafuta mwaka wa tisa. Nimesoma yote haya nikiwa nimejifungia chooni kazini. Sina hasira na mtu, mwanzisha uzi nakuelewa na hofu yako ni ya kweli. Ila naomba tu, mkiamua kutozaa msiseme mtoto akija atakua mzigo au atateseka tu. Mimi ningempata hata wakati wa mafuriko ningelishika lile beseni.

Mwanzisha uzi

Mdau 7, nimekusoma jana usiku nikashindwa kujibu. Nisamehe kama kuna mahali nimekuumiza.

Nimeenda Mabwepande jumapili. Nilimkuta mama anafua, na beseni ni lile lile la bluu, lina ufa pembeni ameziba kwa kuyeyusha plastiki. Nikamuuliza kitu ambacho sijawahi kumuuliza miaka yote hii, kwamba usiku ule ulijuta kumzaa? Akaacha kufua. Akasema hapana, nilijuta kujenga pale. Akaendelea na nguo zake.

Sasa hilo neno nimetembea nalo wiki nzima mpaka nimemchosha mume wangu. Maana mimi miaka yote nilikua naona uamuzi ni mmoja tu, mtoto au hakuna mtoto, kumbe kuna maamuzi mengine ya kufanya kwanza na hayo yako mikononi mwangu kidogo. Tunapangisha Kigogo, mita kama mia mbili kutoka mtoni, nimetoka bonde moja nimeenda kukaa bonde jingine kwa sababu ya kodi nafuu na karibu na kazi. Tumekubaliana tunahama kabla ya vuli. Tumepata vyumba viwili Goba, pako juu, barabara ya kwenda kituo cha afya ina lami, mkunga nimekusikiliza. Mume ataongeza saa nzima ya daladala kila siku na kakubali mwenyewe. Tunanunua na simtank.

Hofu haijaisha. Nikisikia radi bado moyo unaruka, na hilo la 2050 sina jibu lake, sitajidanganya hapa mbele yenu. Ila tumeamua tujaribu mmoja. Mama wa Paje nimemwambia mume habari za binti yako, akasema mpe salamu, na yeye yuko sahihi.

Kijiti changu kinafikisha miaka mitatu mwezi wa kumi na nitaenda kukitoa. Waliowahi kutoa naomba mniambie, ilichukua muda gani mpaka mkashika mimba? Na kukitoa kunauma?