Mtafsiri wa muvi, ulilipwa kutafsiri au kupiga kelele?

Wakuu, nina hasira hapa, msinitulize.

Jumamosi nimetoka kibaruani, nikapitia kwa chalii mmoja anayeingiza muvi kwenye flashi pale Ngarenaro, Arusha. Nikamwambia niwekee No Hard Feelings, ile ya 2023 ya Jennifer Lawrence. Mimi nilishaiona kwa Kiingereza, nikataka mama watoto naye acheke. Akaniwekea iliyotafsiriwa. Buku langu nikatoa.

Muvi ni ya kihuni, sikatai. Watoto wakiwa sebuleni usiiguse. Ila ina akili. Maddie, ndiye Lawrence mwenyewe, ana miaka 32, nyumba aliyoachiwa na mama yake iko hatarini kwa deni la kodi ya jengo, maana matajiri wanaokuja kupumzika Montauk, mji wa ufukweni kule New York, wamepandisha bei ya kila kitu. Gari analoendeshea Uber limeshavutwa. Ndiyo maana anakubali dili la wazazi wa Percy: mchangamshe kijana wetu kabla hajaenda chuo, tukupe gari, Buick. Sasa mtafsiri kwenye maiki anasema eti dada "anadaiwa kausha damu", ile mikopo ya mtaani ya riba ya kuumiza! Kausha damu ya Montauk? Sawa, huku kwetu kodi ya jengo inakatwa kimyakimya kwenye umeme wa LUKU tangu 2021, labda hakuelewa mtu anapotezaje nyumba kwa hiyo. Lakini kwa neno hilo moja kinyongo chote cha Maddie kwa matajiri kimeyeyuka, kabaki dada mwenye njaa ya hela.

Yale mapigano ya ufukweni, Lawrence uchi wa mnyama, hapo fundi katafsiri kila kofi na kuongeza matusi yake ya stendi. Haya, ikaja mgahawani. Yule dogo Percy, anaigizwa na Andrew Barth Feldman, anakaa kwenye piano anaimba wimbo wa Maneater polepole. Lawrence hana la kusema. Anamtazama tu, uso unaanza kulegea, ule ujanja wote unamtoka kidogo kidogo. Hapo ndipo unaelewa kwa nini alibeba Oscar akiwa na miaka 22. Na dogo naye katokea jukwaani Broadway, kwenye maigizo makubwa ya New York, ile sauti si ya kubahatisha.

Jamaa kafanya nini? Kaizima piano! "Dogo kaingia kingi! Oyaa, salamu kwa wana wote wa Unga Limited!" Wimbo mzima, salamu.

Mke wangu akanigeukia: "Baba, huyu ndiye uliyesema anajua kuigiza? Si kakaa tu." Akaenda kulala. Ningemjibu nini?

Leo nimerudi na flashi yangu. Chalii hata hakuinua macho kwenye kompyuta: "Braza, hiyo ndiyo inayouza. Ya Kiingereza watu wanasinzia." Buku hajarudisha.