Barcelona kufuta fleti zote za watalii 2028: haki, au mgeni anaonewa?

Mtoa mada:
Wakuu, Juni 2024 meya wa Barcelona, Jaume Collboni, alitangaza kwamba leseni 10,101 za fleti za watalii hazitaongezwa muda zitakapokwisha Novemba 2028. Hoja yake: kodi ya pango mjini humo imepanda asilimia 68 ndani ya miaka kumi. Chama cha kihafidhina cha PP kikaipinga mahakamani sheria ya Katalonia (jimbo la Barcelona) iliyobeba mpango huo, na Machi 2025 Mahakama ya Katiba ikaiacha isimame. Mimi namuunga mkono meya. Hispania ilipokea wageni karibu milioni 94 mwaka 2024, na muuguzi wa Barcelona hawezi kushindana bei na mtu anayelipa kwa usiku mmoja. Anayepanga likizo aiache Barcelona ipumue, aende miji mingine.

Hesabu Kwanza:
Mkuu, hapo sikubaliani nawe. Leseni mpya za fleti hizo zilisimamishwa tangu 2014, na bado pango likapanda. Tatizo kubwa limejificha kwenye mikataba ya msimu. Machi 2024 Katalonia iliweka ukomo wa kodi, lakini mikataba ya miezi michache ikabaki nje ya ukomo huo, basi wenye nyumba wakahamia huko. Ukifuta fleti halali, anayeumia ni baba mwenye watoto watatu, ambaye hotelini atalazimika kulipia vyumba viwili na kula nje asubuhi, mchana na jioni.

Mama Viza:
Mnabishana juu ya 2028, watu wanasafiri mwezi ujao. Fleti halali ya Barcelona ina namba inayoanza na HUTB, ikifuatwa na tarakimu. Kama haipo kwenye tangazo, achana nayo hata bei ikivutia vipi. Tangu Julai 2025 kuna pia namba ya usajili ya taifa kwa nyumba zinazotangazwa mtandaoni kwa muda mfupi. Mwenye nyumba akikuomba taarifa za pasipoti usishtuke, kanuni inayotumika tangu Desemba 2024 inamlazimisha. Cha kushtukia ni akikwambia ulipe nje ya programu uliyomkutia.

Kwa wanaoombea Dar au Nairobi viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya): ombi linapelekwa kwa nchi utakakolala siku nyingi zaidi. Mtu anaandika usiku nne Hispania na sita Ufaransa, halafu anapeleka fomu kwa Wahispania. Hapo umejichongea mwenyewe. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90, bima iwe ya yuro 30,000 kwenda juu, na ombi liingie kati ya miezi sita na siku 15 kabla ya safari. Miadi nayo hujaa mapema kabla ya likizo za Julai na Agosti.

Mzee wa Reli:
Tuje kwenye "miji mingine" ya mtoa mada. Kutoka Madrid, treni ya mwendokasi inafika Barcelona, kilomita 621, kwa saa mbili na nusu hivi. Valencia ni chini ya saa mbili. Málaga ni mbali kidogo, lakini chini ya saa tatu unafika. Kampuni za Ouigo na Iryo zilipoingia kushindana na Renfe, shirika la reli la serikali, bei za kununua mapema zilishuka sana. Kwa hiyo ingia Madrid, toka kwa ndege Málaga, usirudi ulikotoka. Valencia unapanda tramu hadi ufuko wa Malvarrosa. Málaga, treni ya C1 inapita uwanja wa ndege na Torremolinos, inaishia Fuengirola, gari la kukodi la nini? Ila stesheni kubwa mizigo hupitishwa kwenye mashine na lango hufungwa kabla ya muda wa kuondoka. Ukifika dakika tano kabla umechelewa.

Hesabu Kwanza:
Mzee, umewahamisha tu. Wakazi wa Visiwa vya Canary waliandamana Aprili 2024, wa Palma, kisiwani Mallorca, Julai mwaka huohuo. Málaga nako wanalia pango hilohilo. Ukiitetea Barcelona kwa kuijaza Málaga, umetatua nini?

Mpwani:
Basi nendeni kaskazini, Galicia na Asturias, huko Agosti hakuchomi. Lakini mjue mnakokwenda. Maji ya Atlantiki ni baridi, nyuzi 17 hadi 21 hivi wakati Mediterania iko 25 au zaidi. Na Mediterania maji hayapwi kwa kuonekana. Atlantiki yanapwa na kujaa kama Unguja. Ufuko wa As Catedrais, karibu na Ribadeo, unaingilika maji yakiwa yamepwa tu: angalia jedwali la maji, shuka yakiwa bado yanatoka, na panda mapema yakianza kurudi, maana yanaziba njia kati ya mwamba na mwamba. Pasaka na kiangazi unahitaji kibali cha mtandaoni. Visiwa vya Cíes vivyo hivyo: kibali cha serikali ya Galicia kwanza, tiketi ya boti baadaye. Wengi hufanya kinyume.

Kusini, Tarifa ina Levante, upepo mkali wa mashariki. Wa kuteleza majini kwa kaiti wanaushangilia, wa kulala mchangani wanakula mchanga. Sevilla na Córdoba Julai joto huweza kupita nyuzi 40. Agosti 2021 palipimwa 47.6 pale La Rambla (ile ya Córdoba, siyo barabara ya Barcelona). Nenda Mei au Oktoba. Tiketi ya Alhambra, ngome ya kale mjini Granada, ina jina lako na saa ya kuingia kasri za Nasrid zilizomo ndani yake. Ukipitwa na saa hiyo, kasri umezikosa.

Mtoa mada:
Hesabu, nakupa mfano mdogo. Basi dogo la 116 linapita karibu na Park Güell, bustani maarufu ya Barcelona. Lilijaa wageni hadi wazee wa mtaa wakashindwa kupanda na mikoba yao ya sokoni, na mwaka 2024, kwa ombi la jiji, likaondolewa kwenye Google Maps. Mgeni anaweza kushuka metro ya L3 Vallcarca na kupanda ngazi za umeme za Baixada de la Glòria. Mzee yule hana njia nyingine.

Hesabu Kwanza:
Mfano mzuri, ila basi lilijazwa na wageni wa hoteli na wa meli pia, siyo wa fleti peke yao. Nijibu hili: leseni ikifa 2028, nani atamlazimisha mwenye nyumba ampe mwenyeji mkataba wa miaka mitano? Anaweza kuiuza, au kuipangisha kwa msimu. Muuguzi wako atakuwa amepata nini?